Oili Aliyoikataa Mume Wangu

Sijapata kumwona mtu aliyechukia kitu kama mume wangu alivyoichukia oili ya pipa. Tulipoanza kazi ya kukata majani, karibu kila mwenye mashine hapa Kampala alinunua oili ya kupimiwa, ile inayovutwa kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono na kumiminwa kwenye chupa ya maji uliyokwenda nayo mwenyewe. Mimi nami nilisema kama wengine: oili ni oili. Akaniangalia kama vile nimetukana mbele ya wakwe.

Yeye ni Mnubi, wa kizazi cha wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza zamani, Mwislamu wa swala tano, fundi aliyezeekea kwenye karakana ya majenereta. Mimi ni binti wa sajenti kutoka kaskazini. Nililelewa kambini, na Jumapili naenda kanisani. Lugha iliyotukutanisha ni Kiswahili cha kambini, kile ambacho majirani zetu wa Kyebando mpaka leo wakikisikia wanapunguza sauti, kwa sababu kwao ni lugha ya wenye bunduki. Sisi tulikitumia kuitana tunywe chai na kubishana juu ya injini.

Mashine yetu kubwa tuliinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama nchi. Ilikuwa nyekundu, ya kukalia, haina usukani. Unaiendesha kwa fimbo mbili, moja kwa kila mkono. Magoti ya mume wangu yalikuwa yameisha kwa miaka ya kuchuchumaa pembeni mwa majenereta, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa kitini, na yeye akasimama kivulini kusikiliza. Ndiyo, kazi yake ilikuwa kusikiliza. Nikiwa katikati ya uwanja namwona ananyanyua mkono, nazima, anakuja akichechemea.

"Majani yameziba mapezi ya injini," anasema. "Husikii inavyohema?"

Mimi sikusikia chochote. Lakini tukifungua kifuniko, kweli, yale mapezi ya chuma yanayopitisha upepo yamejaa majani makavu. Anachukua brashi, anasafisha taratibu, ananiruhusu niendelee.

Siku moja aliniita uani. Alikuwa amefungua injini mbili na kuziweka juu ya gunia. Moja ilikuwa ya jirani mwenye kazi kama yetu, iliyokunywa oili ya pipa maisha yake yote. Ndani ilikuwa imeganda weusi, kama chungu kilichounguziwa maharage. Ya pili ilikuwa ya mashine yetu ndogo, ile ya kusukuma, tuliyoitumia kwenye pembe na kando ya maua. Chuma chake kilikuwa safi, kimepakwa utando mwembamba wa rangi ya asali.

"Zina umri mmoja," akasema. "Hii imekufa. Hii itakuzika."

Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akavuta kigoda.

"Gari lina maji ya kuipoza injini. Mashine yako haina maji. Inapozwa na upepo, na oili, basi. Wewe unaiweka kwenye jua la saa saba, vumbi jekundu, majani marefu yenye maji ya mvua, saa nne mfululizo. Oili ya kawaida ikipata moto huo inachoka, inakuwa nyepesi, inaungua na kuacha masizi. Halafu chuma kinaanza kula chuma."

"Na hii yako ya sinthetiki?"

"Hii imetengenezwa maabara, chembe zake zinalingana. Moto ukipanda, yenyewe inakaa palepale."

Ilikuwa ghali, sitaficha. Kuna wakati tulikula ugali na dodo, mchicha wa huku, wiki nzima ili kopo linunuliwe. Sikulalamika, kwa sababu mashine haikuwahi kutuangusha. Wenzetu walikuwa wanabeba zao kila mwezi kwenda kwa mafundi Namuwongo. Sisi tulikuwa kazini. Kwa mashine hiyo tulipata kazi kwenye shule moja ya bweni upande wa Kansanga, viwanja vitatu vya michezo na bustani kubwa ya mbele inayoshuka mpaka getini. Kwa mashine hiyo tulimsomesha binti yetu mpaka akaolewa na kwenda zake Arua. Mume wangu alipenda kusema kwamba oili ndiyo iliyotoa mahari. Nilimwambia mahari hutolewa na upande wa mume. Alicheka mpaka akakohoa.

Alianguka asubuhi moja akitawadha. Nilisikia birika likilia kwenye sementi, nikadhani ni paka. Nilipotoka, nilimkuta amelala ubavu, maji yanapita chini ya shavu lake, jicho moja linanitazama na lingine linatazama ukuta.

Hospitali walisema kiharusi. Upande wa kulia ulikwenda wote, mkono na mguu. Na maneno yakaenda. Mtu aliyeweza kuongea juu ya kijiti cha kupimia oili kutoka adhuhuri mpaka alasiri alibaki na neno moja tu: bado. Daktari alinieleza kwamba hutokea hivyo, mgonjwa hubakiwa na neno moja na hulitumia kwa kila kitu. Akiwa na njaa alisema bado. Akiwa ameshiba, bado. Nikimgeuza kitandani akaumia, bado, bado. Ilibidi nisome uso na mkono wa kushoto.

Shule haikusubiri. Majani hayasubiri pia, hasa mvua za Aprili zikianza. Nilirudi kazini wiki ya tatu, na jirani mmoja, mama wa makamo, alikubali kukaa naye mchana. Ndipo ikafika siku ya kubadilisha oili, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa mikono yangu. Nilimtoa nje na kumkalisha mlangoni kwenye kiti chenye mito. Niliwasha injini dakika chache ipate joto, kama nilivyomwona akifanya, nikaizima, nikafungua bolti ya chini. Oili ya zamani ikatoka, nyeusi lakini laini. Nikabadilisha filta. Nilipofungua kopo jipya, nikasikia anagonga mkono wa kiti.

Alikuwa amenyoosha mkono wake wa kushoto, kidole kimoja kimetangulia.

Nikamsogezea. Akachovya kidole, akaisugua oili kwa dole gumba, polepole, macho ameyafumba. Akanusa. Halafu akatikisa kichwa kukubali, na uso wake wote, hata ule upande uliolala, ukawa uso wa mtu niliyeolewa naye. Nikamimina. Nikapima kwa kijiti, nikamwonyesha mstari ulipofika. Akakubali tena.

Tangu siku hiyo hakuna kopo lililomwagwa kwenye injini kabla hajalinusa. Kwa zaidi ya mwaka hivyo ndivyo tulivyoongea. Nikirudi jioni alinitazama mikono kwanza, aone kama nimeshika grisi. Nikisahau kusafisha filta ya hewa aliigonga kwa fimbo yake mpaka niitoe. Nilikuwa nachoka, mgongo unaniuma, namwogesha, nampikia uji, namlisha. Lakini jioni za oili nilikuwa na mume.

Makopo tuliyanunua kwenye duka moja la vipuri pale Kansanga, tangu zamani. Mwenye duka ni Mganda mpole aliyeokota Kiswahili chake kwa madereva wa Kongo. Alikuwa akimwita mume wangu Injinia, na alipougua alileta ndizi na sukari nyumbani.

Basi ikawa wiki ile ya mvua. Ilinyesha kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi, na shule ilikuwa na sherehe Jumamosi, wazazi na wageni wakubwa wanakuja. Majani yalikuwa yamefika kwenye goti. Siku iliyobaki ilikuwa Ijumaa peke yake. Nilipima oili Alhamisi mchana nikaona imeshuka na imechoka. Nikaenda Kansanga.

"Una bahati, nnyabo," mwenye duka akaniambia, yaani mama kwa Kiganda. "Limebaki hili moja. Ni olijino, halisi kabisa, limeletwa juzi tu."

Kopo lilikuwa lile lile, rangi ile ile, kifuniko cha fedha. Nilipolifungua nyumbani niliona kifuniko kimezunguka upesi, bila ule ukinzani wa kopo ambalo halijawahi kufunguliwa. Niliona, na nikapita.

Nilimsogezea mume wangu. Akachovya kidole, akasugua. Akaacha kusugua. Akanusa, akanusa tena, na paji lake likakunjamana.

"Bado," akasema.

"Baba, ni ile ile. Tazama kopo."

"Bado. Bado, bado!" Akalisukuma kopo kwa kiganja, likayumba, nusu kikombe kikamwagika kwenye sementi.

Inabidi nieleze wiki yake ilivyokuwa, ingawa najua natafuta utetezi. Jumatatu alikataa uji, akasukuma bakuli. Jumanne alikataa vidonge. Jumatano alinusa sabuni ile ile ya siku zote na kupiga kelele kama nimemletea kinyesi. Jirani yetu alisema kiharusi kinaendelea kumla ndani ya kichwa. Mimi nilikuwa sijalala vizuri, na mawingu yalikuwa yamefunguka mara ya kwanza, na kesho ilikuwa Ijumaa.

Nilipiga magoti nikafuta oili kwa kitambaa, nikamwambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Baba, pua yako imeugua kama mkono wako ulivyougua. Hujui tena."

Nikaimwaga oili kwenye injini mbele yake. Alikuwa akisema bado kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu. Nilipofunga kifuniko alinyamaza.

Ijumaa mashine iliwaka vizuri. Nilimaliza uwanja wa kwanza, nikamaliza wa pili. Jua lilikuwa kali, majani yana maji chini na joto juu, mazito kwenye visu. Wa tatu nikaumaliza saa saba hivi, nikaanza bustani ya mbele, kwenye mteremko. Hapo nikaisikia. Ile sauti aliyokuwa ananiambia miaka yote na mimi nisiisikie, injini inayohema. Ilikuwa inavuta pumzi fupi fupi, na chini yake kuna kitu kinagonga kidogo, kama ukucha kwenye bakuli. Niliisikia sawasawa. Mkono wangu ulishuka kwenye swichi. Kisha nikatazama bustani iliyobaki, nikajiambia nimalize mstari huu, na ule unaofuata.

Ililia kishindo kimoja, kama nyundo kwenye geti la chuma, na mashine ikakwama pale pale hata nikarushwa mbele juu ya fimbo. Moshi mweupe ukatoka. Niliposhuka niliona oili inachuruzika kwenye majani, nyembamba kama maji ya chai, inachemka.

Msimamizi wa viwanja alikuja mbio, mwanamume kijana mwenye simu mkononi.

"Mama, kuna nini?"

"Imekufa," nikamwambia.

"Na kesho?"

Nilichukua ile mashine ndogo, nikasukuma juu na chini kwenye ule mteremko mpaka jua linaanza kushuka, mpaka mikono ikakataa kukunjika. Nilifika kwenye mti wa maua uliokuwa katikati ya bustani. Chini ya pale majani yalibaki marefu, yamelala, yana alama za matairi. Msimamizi hakunifokea. Alisimama anapiga picha kwa simu yake, na hilo lilinitosha kujua.

Nilirudi Kyebando kwenye pikapu ya kukodi, mashine imefungwa nyuma kwa kamba. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alizoea kunisikia tangu kona ya barabara, kwani nilikuwa naishusha mashine hapo kwenye pikapu na kuiendesha mita chache mpaka uani. Safari hii wanaume wanne waliishusha kwa mikono. Aliwatazama. Hakunitazama mikono, hakunitazama usoni.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, ulikuwa unajua. Nisamehe. Ulikuwa unajua."

Hata lile neno lake moja hakulitoa.

Fundi aliyeifungua injini yuko Namuwongo, karibu na reli, na alifundishwa kazi na mume wangu zamani, kwa hiyo aliifungua kwa heshima, kama mtu anayemwosha maiti. Alinionyesha mwenyewe. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ukuta wa injini. Tundu lilitosha kuingiza ngumi.

"Mama, hii si injini tena," akasema. "Na ya kuagiza mpya, tusidanganyane, bei yake hutaiweza." Alichota oili iliyobaki, akaitazama kwenye mwanga. "Hii ni oili iliyokwishatumika. Wameichuja, wakatia rangi, wakaijaza kwenye kopo zuri. Mzee angeijua kwa harufu tu."

"Aliijua," nikasema.

 

Nilikwenda Kansanga nimejaa moto, nimeandaa maneno ya kambini yote niliyofundishwa na baba yangu. Mwenye duka alinisikiliza amesimama. Halafu alichukua kopo lingine rafuni, akalifungua, akalinusa, akakaa chini.

"Hata mimi niliuziwa hivyo, nnyabo," akasema. "Mtu alikuja na gari, makopo yamefungwa vizuri. Injinia alikuwa akija hapa mwenyewe, alikuwa ananinusia. Mimi sijui kunusa."

Nilitaka kumchukia, nikamkuta ni mzee mwenye kopo la uongo mapajani, ameaibika kama mimi. Nikarudi nyumbani na maneno yangu yote.

Shule ilileta kampuni nyingine, vijana wenye sare na mashine tatu mpya. Msimamizi alinipigia simu kuniambia, na alikuwa na adabu, alinishukuru kwa miaka yote. Mashine nyekundu ikakaa uani miezi kadhaa, kuku wanalala kitini, kisha wanunuzi wa vyuma chakavu wakaikata vipande na kuipakia.

Nilijaribu kurudisha yale mazungumzo yetu ya oili. Nilikwenda mjini kwenye duka jingine nililoambiwa ni la kuaminika, nikanunua kopo dogo kwa ajili ya mashine ya kusukuma. Nililifungua mbele yake, nikalisogeza karibu na mkono wake wa kushoto.

"Baba, ninusie. Safari hii nitakusikia."

Alifunga ngumi. Nilijaribu kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila mara anafunga ngumi na kuiweka chini ya blanketi. Mwanzoni nilidhani ni hasira, na hasira ningeibeba, ni haki yake. Siku hizi nina wazo baya zaidi. Nadhani aliamini nilichomwambia. Hakuiona ile oili kwenye mwanga pale kwa fundi. Nimemweleza mara nyingi kwamba pua yake ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea, lakini sijui anachokielewa sasa, na pengine anadhani ninambembeleza, kama mtu anavyombembeleza mgonjwa. Kwenye mwili wake wote pua ndiyo iliyokuwa imebaki ya fundi, na mimi ndiye niliyemwambia imekufa.

Neno lake limekuwa adimu. Siku tatu zinaweza kupita kimya. Binti yetu alikuja kutoka Arua, akakaa naye, akamshika mkono, akaniuliza nje, "Mama, baba amekuwaje? Alikuwa anatabasamu." Nilimwambia ni ugonjwa. Alikubali, akarudi kwa watoto wake.

Mimi naendelea na mashine ndogo kwenye nyumba za watu. Naiwekea oili yoyote ninayoipata, kwa sababu nikisimama mbele ya makopo ya dukani yote yanafanana, la kweli na la uongo, na sina wa kumuuliza. Nikilifungua kopo nachovya kidole, nasugua, nanusa. Nanusa oili. Basi.

Jumatatu iliyopita ilikataa kuwaka. Nilivuta kamba mara nyingi, nikafungua plagi nikaisafisha, nikavuta tena mpaka bega likaniuma. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, hatua chache tu kutoka kwangu. Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatazama barabarani, bodaboda zinapita, kama mtu anayesubiri ya kwake ije kumchukua. Nikaiacha mashine pale uani, nikachukua fyekeo la mkono, nikapanda mlima kwenda nyumba niliyokuwa nimeahidi.

Majani yalikuwa marefu na yenye umande, na mtu wa umri wangu akiinama hivyo anauhisi kila mfupa. Nilikuwa nimekata kipande cha getini wakati mwenye nyumba alipotoka na kikombe chake cha chai.

"Mama, leo bila mashine?"

"Leo bila mashine, ssebo," nikamjibu, yaani bwana.

Akatazama ua wake, huku na huku. Akaniambia kwamba mwezi ujao analeta mafundi watandike matofali ardhini, ua wote, maana majani yana usumbufu. Alisema kwa upole, kama mtu anayenipa habari njema ya kupumzika. Nikamwambia sawa, nikainama tena.